Kiti cha Baiskeli Hakipimwi Kutoka Ardhini

Ukipata nafasi jioni moja, simama juu ya lile daraja la wapita njia la Roysambu mwendo wa saa kumi na mbili u nusu, utazame baiskeli zinazotoka mjini. Usitazame baiskeli zenyewe. Tazama magoti. Utaona watu wazima, wenye ndevu zao, wakikanyaga huku magoti yakikaribia kugusa usukani, kama baba aliyeazima baiskeli ya mtoto wake wa darasa la tatu. Tisa kati ya kumi (hesabu yangu ya macho, msiitie kwenye ripoti) wameketi chini mno. Na ukiwauliza kwa nini, watakupa jibu moja: ili miguu ifike chini.

Habari za siku nyingi, wasomaji. Nilikuwa nimezama kwenye mradi mmoja wa malipo ambao umeninyima usingizi, na leo bado siandiki habari za programu. Ama tuseme naziandika kwa kuzungukia, kwa sababu kiti cha baiskeli kimenifunza kutafuta kasoro kuliko mwaka mzima wa chuo.

Mimi huendesha kutoka Zimmerman hadi Ngara, kilomita kumi na moja hivi. Sehemu kubwa ya njia hiyo nafuata ile njia ya kando iliyojengwa pamoja na Barabara Kuu ya Thika, iliyokamilika mwaka 2012, nikiigawana na mikokoteni, wauza miwa na pikipiki ambazo hazikualikwa. Naipenda safari hiyo. Inanipunguzia nauli na kunipunguzia hasira. Lakini kwa muda wa miezi miwili hivi, kidole changu cha mwisho na kile cha pete, mkono wa kulia, vilikuwa vikifa ganzi. Kwa mhubiri huo ni usumbufu tu. Kwangu mimi vidole ndivyo jembe langu. Nikifika jioni kuandika kodi, herufi zilizo upande huo wa kibodi zilikuwa zinanikataa.

Ofisini kila mtu alikuwa daktari. Kibodi ndiyo iliyolaumiwa kwanza, kisha kipanya, kisha kiti cha ofisi, kisha dada wa mapokezi akasema ni baridi ya Julai. Halafu likatokea jambo ambalo kila mwanaprogramu angeliombea: jaribio safi. Spoku tatu zilikatika, rimu ikapinda, na baiskeli ikalala kwa fundi siku tisa ikingoja rimu nyingine. Siku hizo tisa nilipanda matatu, na kwa kuwa tulikuwa tunakaribia kuzindua ule mradi, niliandika kodi nyingi kuliko kawaida. Kibodi ile ile, kipanya kile kile, baridi ile ile ya Julai. Ganzi ikaisha. Baiskeli ikarudi Ijumaa. Jumatatu jioni ganzi nayo ikarudi.

Basi kasoro haikuwa mezani. Lakini mkononi nako haikuwa, na hapa ndipo utamu ulipo. Kompyuta ikikwambia programu imekufa mstari wa 212, mara nyingi kosa lenyewe lilizaliwa kule mstari wa 40, likatembea kimya kimya mpaka likapata pa kulipukia. Jirani yetu anajenga, nikaazima pimamaji kwa waashi wake. Nikaweka kitabu kigumu juu ya kiti cha baiskeli kwa urefu, na pimamaji juu ya kitabu. Povu likakimbilia nyuma moja kwa moja. Pua ya kiti ilikuwa imeinama. Si sana, ukiangalia kwa macho ungesema kiko sawa. Ni baiskeli ya mtumba, ilikuja hivyo hivyo na mwenyewe wa kwanza, au kibano kililegea kidogo kidogo baharini.

Fikiria ukiketi kwenye benchi lililoinama mbele. Unateleza. Huanguki kwa sababu mikono inakuzuia, na unakizuia hicho kiwiliwili chote kwa viganja kila dakika ya safari. Sasa, kwenye kiganja, upande wa kidole cha mwisho, kuna neva inayopita karibu sana na ngozi, ile ile inayokupa mshtuko ukigonga kiwiko. Ndiyo inayohudumia kidole cha mwisho na nusu ya kile cha pete. Ukiikandamiza juu ya usukani nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, italalamika, na italalamikia vidoleni, mbali kabisa na kiti kilichoanzisha maneno. Usukani ulio chini mno au mbali mno huleta shida hiyo hiyo, kwa hiyo si kila ganzi ni ya kiti. Na kama ganzi haikuachi hata ukiwa umeweka baiskeli kando, hiyo si kazi ya spana tena, muone daktari.

Nikalegeza bolti iliyo chini ya kiti kwa ile spana ya umbo la L yenye pembe sita. Viti vingi vya zamani vina kibano chenye meno, na meno hayo ni ukorofi: jino moja pua iko juu mno, jino la pili iko chini mno, na wewe unataka katikati. Paipu za siku hizi zenye bolti mbili, moja mbele moja nyuma, zinakuruhusu kusogeza kiasi cha unywele. Yangu ni ya meno. Nilichagua jino lililokaribia usawa kabisa, pua ikiwa juu kwa kiasi kidogo sana. Baada ya wiki ganzi ilipungua. Baada ya wiki tatu niliisahau.

Sasa magoti. Mikono ilipopona ndipo nilipoanza kusikia goti la kushoto, mbele, pale chini ya kifuniko chake, hasa nikipanda mlima wakati wa kurudi. Hebu tupige hesabu kidogo. Tuseme nusu saa ya kukanyaga kikweli kila safari, mizunguko 70 kwa dakika. Hiyo ni mara 2,100 kila goti linakunjwa na kunyooshwa. Kwenda na kurudi, 4,200. Siku tano za kazi, 21,000. Ukiwa na kitanzi kinachozunguka mara elfu ishirini na moja kwa wiki, kosa dogo ndani yake si dogo tena. Kiti kikiwa chini, goti hukunjwa mno pedali ikifika juu, na hapo ndipo unapoanza kusukuma kwa nguvu, kwa hiyo kifuniko cha goti hubanwa vibaya kila mzunguko. Kikiwa juu mno, unanyoosha mguu kupita kiasi, nyonga zinayumba kushoto na kulia kuutafuta mwisho wa pedali, na maumivu huja nyuma ya goti. Kama kanuni ya kwanza ya kukisia hiyo inatosha: likiuma mbele inua, likiuma nyuma shusha. Magoti hayasomi kanuni zote, lakini ni pa kuanzia.

Juu kiasi gani? Njia ya haraka haihitaji futi. Jiegemeze ukutani ukiwa umeketi, weka kisigino juu ya pedali ikiwa mwisho kabisa chini. Mguu uwe umenyooka bila kuinama upande. Ukirudisha ile sehemu pana ya mbele ya wayo kwenye pedali, kama inavyotakiwa, goti litakuwa limekunjika kidogo, na wengi wa watu hapo wamefika karibu kabisa.

Ila mimi napenda nambari. Simama bila viatu, mgongo ukutani, bana kitabu katikati ya mapaja mpaka kikubane kama kiti kinavyobana, na mtu akupimie kutoka sakafuni hadi juu ya kitabu. Mimi ni sentimita 82. Kuna kanuni mbili maarufu. Moja ilitoka Uingereza mwaka 1967, watafiti Hamley na Thomas, wanaosema kutoka kwenye mhimili wa pedali ikiwa mwisho hadi juu ya kiti iwe asilimia 109 ya urefu huo. Nyingine inahusishwa na Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France mwaka 1986, 1989 na 1990, na kocha wake Mfaransa, Cyrille Guimard: zidisha kwa 0.883, na upime kutoka katikati ya mhimili mkubwa, pale kranki zinapozungukia, hadi juu ya kiti. Kwangu, 82 mara 0.883 ni 72.4. Kwa ile ya kwanza, 82 mara 1.09 ni 89.4, toa kranki ya sentimita 17, inabaki 72.4.

Zinakubaliana! Nilifurahi mpaka nikakumbuka kujaribu nambari nyingine, maana jaribio moja si jaribio. Mtu wa sentimita 75, kwa kranki hiyo hiyo, anapata 66.2 kwa kanuni moja na 64.8 kwa nyingine. Wa sentimita 90 anapata 79.5 na 81.1. Kwa hiyo kanuni zile hazikubaliani ila kwa watu wenye miguu kama yangu, na tofauti ya sentimita moja na nusu kwenye goti ni kubwa. Ukisoma mahali kwamba kanuni fulani ndiyo ya kweli, uliza kwanza ilipimwa kwa miguu ya nani. Zaidi ya hapo, soli ya kiatu chako haimo ndani ya kanuni yoyote.

Ndiyo maana wataalamu wengi sasa wanapenda kupima goti lenyewe: mguu ukiwa mwisho chini, goti libaki limekunjika nyuzi kati ya 25 na 35. Nilimwomba mdogo wangu anirekodi kwa simu kutoka ubavuni, nikasimamisha picha pedali ikiwa chini, nikaweka kipima pembe juu ya kioo cha kompyuta, nyonga, goti, kifundo cha mguu. Ndiyo, ningeweza kuandika programu ya kufanya hivyo. Kipima pembe cha dada yangu wa sekondari kilikuwa karibu zaidi. Jibu: nyuzi 47. Goti langu halikuwa linajipendekeza.

Nikapeleka baiskeli kwa fundi, maana paipu ilikuwa imeng'ang'ania ndani ya fremu kwa kutu. Huyu mzee amezeeka na spana mkononi. Ujanani alitengeneza baiskeli za boda boda kule Busia, mahali jina lenyewe lilipozaliwa, watu wakivushwa kwa baiskeli kati ya upande wa Kenya na wa Uganda.

"Mzee, naomba unisaidie kukiinua. Sentimita nne."

Akanitazama miguu. "Kijana wangu, matatu ikikukatia, utashuka na nini? Na pua?"

Sikucheka, kwa sababu hoja yake ni nzito kuliko nambari zangu zote. Barabara zetu ndizo zilizotufunza kuketi chini. Mtu anayetarajia kusimama ghafla mara ishirini kabla ya kufika kazini anataka mguu uwe karibu na ardhi, na mwenye abiria nyuma anahitaji zaidi, maana mzigo ukiegemea upande mmoja hakuna mjadala. Boda boda wa baiskeli akiketi chini kidogo simlaumu hata chembe. Anauza usalama wa abiria, na goti lake ndiyo ada.

Lakini mimi sibebi mtu. Na ardhi haina habari yoyote na goti langu. Ukifikiri vizuri, umbali kutoka kiti hadi ardhini unategemea ukubwa wa magurudumu na mahali mtengenezaji alipoweka mhimili, mambo ambayo mguu wako haukuulizwa. Mguu unafanya kazi na pedali, basi upimwe na pedali. Tatizo la kusimama linatatuliwa kwa kusimama, si kwa kuketi: ukikaribia kusimama, inuka kutoka kitini, simama juu ya pedali ya chini, na baiskeli ikitulia shusha mguu mwingine, mwili ukiwa mbele ya kiti. Kuondoka ni vivyo hivyo kinyume chake. Wengi wetu hatujui kwa sababu tulijifunza utotoni kwenye baiskeli tuliyoweza kuisukuma kwa miguu, na hakuna aliyetufunza tena. Nilifanya mazoezi kwenye uwanja wa kanisa jioni mbili. Watoto walifurahi sana.

Mzee akaipaka mafuta, akaigonga, akaizungusha, ikatoka. Akanionyesha kwa kucha ile mistari iliyochongwa kwenye paipu, alama ya mwisho wa kuinua. Ikipita hapo, paipu iliyobaki ndani haitoshi, na siku moja itavunjika au itapasua fremu ukiwa umeikalia. "Hii nambari ndiyo nakuomba uiheshimu," akasema. Tukainua sentimita moja tu siku hiyo.

Moja, si nne, na hapa nataka kukaa kidogo. Mwanaprogramu akiambiwa jibu liko kati ya 68 na 73 anataka kukata katikati, aulize, akate tena, na kwa mara nne au tano amemaliza. Njia hiyo ni nzuri pale unayemuuliza anapojibu papo hapo na hasemi uongo. Goti hujibu kesho yake, au keshokutwa, na jibu lake limechanganyika na mpira wa Jumamosi na ngazi za ofisi siku lifti imekufa. Tena misuli ikishazoea mahali kibaya, mahali pazuri pataonekana pabaya kwa siku kadhaa. Kwa hiyo nilikuwa nainua milimita tano, naendesha wiki, naandika kwenye daftari, ndipo nainua tena. Kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Na hicho "kitu kimoja" chenyewe ni kigumu, kwa sababu vipimo vya kiti vimefungamana. Paipu ya kiti haisimami wima, imelala nyuma, kwenye baiskeli nyingi kiasi cha nyuzi 73 hivi kutoka ardhini. Ukikiinua kiti milimita 10, umekirudisha pia nyuma milimita 3 karibu, bila kuambiwa. Ukikitelezesha nyuma kwenye reli zake, umekiweka mbali zaidi na pedali, yaani ni kama umekiinua. Yeyote aliyewahi kubadilisha kigeu kimoja na kuona sehemu tatu za programu zikianguka anajua ninachozungumzia. Mimi hurekebisha urefu kwanza, kisha mbele na nyuma, kisha narudi kwenye urefu, mwisho pimamaji.

Kwa hiyo ya mbele na nyuma kuna desturi ya timazi: kranki ikilala sawa, mguu mmoja mbele, uzi unaoning'inia kutoka mbele ya goti upite kwenye mhimili wa pedali. Keith Bontrager, mtengenezaji wa baiskeli Mmarekani, aliandika makala ya kuivunja desturi hiyo, na Sheldon Brown, yule fundi aliyefariki mwaka 2008 na ambaye tovuti yake imewafunza mafundi wengi kuliko shule yoyote, akaiweka kwake watu waisome. Hoja ni rahisi: timazi hufuata mvuto wa dunia, lakini goti halijui dunia iko upande gani. Kuna baiskeli ambazo mwendeshaji hulala chali, timazi hapo halina maana yoyote, na watu wanakanyaga salama. Nakubaliana naye. Natumia timazi kupata pa kuanzia tu, kisha nauliza mikono: nikiachia usukani kidogo na mwili ukabaki bila kuanguka mbele, kiti kipo nyuma vya kutosha.

Ukidhani huu ni wazimu wa wapenda nambari, Eddy Merckx, Mbelgiji aliyeshinda Tour de France mara tano, alianguka vibaya kwenye uwanja wa Blois mwaka 1969, ajali iliyomuua dereva wa pikipiki aliyekuwa akimwongoza. Nyonga na mgongo wake havikurudi kuwa kama mwanzo, na miaka yote iliyofuata alikuwa akihangaika na urefu wa kiti, akiurekebisha hata katikati ya mashindano. Huyo alikuwa bora duniani, na bado alikuwa akitafuta.

Kuhusu upana, kwa kifupi: usikimbilie kununua kifuniko cha jeli. Unazama, mifupa inafika chini, na nyama laini za katikati ndizo zinazobeba mzigo. Chukua kadibodi yenye mikunjo, ikalie kwenye kiti kigumu dakika moja, upime umbali kati ya mashimo mawili mifupa ilipobonyeza. Kiti kinatakiwa kiwe kipana kupita hapo kidogo. Wanawake wengi hupata kipimo kikubwa zaidi, na viti vyembamba vya mitumba ya michezo huwatesa bure.

Sasa hivi niko 72.0, nyuzi 33, na goti halijasema neno tangu Oktoba. Tatizo nililobaki nalo ni la Nairobi tupu: paipu yangu inafungwa kwa mkono bila spana, na kiti kikiachwa nje kwa dakika kumi kinapata mwenyewe mwingine, kwa hiyo napanda nacho ofisini kama mfuko wa chakula. Nimezungushia paipu utepe mweusi wa fundi umeme pale mwisho, ili kila jioni kirudi palepale bila kupimwa. Krismasi naenda nyumbani Bungoma, ambako Black Mamba ya mzee wangu ina kiti cha springi kilichoinama nyuma tangu nikiwa darasa la pili. Bolti yake imeliwa na kutu mpaka haina pembe. Nitabeba mafuta, nyundo na pimamaji ya waashi, kama watakuwa wamemaliza kujenga.